Wambui Wawili na Boga la Jirani

Shard End, Birmingham
29 Septemba 2024

Mpendwa Mama Onyango,

Hujambo, na masikio yako hayajambo? Nauliza kwa sababu simu ya juzi ilinichosha. Nilikuuliza hali ya Onyango, ukanijibu bei ya mkaa. Nilipiga kelele mpaka majirani wakajua siri zako zote. Kwa hiyo nimenunua stempu. Tuandikiane kama zamani, tulipokuwa walimu na simu ya shule nzima ilikuwa moja, nayo imefungwa kwa kufuli. Ujumbe wa simu sitaki, maana ukiingia kwangu Kimani ndiye anayenisomea, na mengine si ya masikio ya mtoto hata kama naye ni baba wa mtu.

Mimi ni mzima. Majira yamegeuka, majani yanapukutika kila mahali. Wanayasifia sana huku, lakini mimi naona rangi moja tu, kahawia ya vumbi la Lanet mwezi wa Februari. Pengine Uingereza imezeeka kama sisi.

Leo kanisani kwetu ilikuwa Jumapili ya mavuno. Wakenya wameleta sukuma wiki kutoka vishamba vya kukodi, Wakongo wakaleta unga wa muhogo, kukawa na mnada wa kelele tele. Mlangoni alisimama bwana mmoja mrefu mwenye kofia. Nilimsalimia, hakujibu. Nikamsalimia tena kwa Kiingereza, kimya. Watu wengine wana kiburi, hata ndani ya nyumba ya Mungu! Mjukuu wangu akacheka mpaka akakaa chini.

Huyu mjukuu ndiye Wambui mdogo, umemwona kwenye picha, ana miaka saba. Amepewa jina langu, mimi bibi yake, Cucu kwa Kikuyu chetu, kama desturi yetu inavyotaka, na Kemunto mama yake, Mkisii wa watu, hakubishana. Basi huyo ni mimi, nimezaliwa mara ya pili hapa Shard End. Kimani yuko ghalani mchana kutwa, Kemunto anapanda mabasi mawili kwenda kuhudumia wazee wa watu Sutton Coldfield, na mimi nina kazi moja tu katika nyumba hii: kumtoa mtoto shuleni saa tisa na kumfikisha nyumbani. Wakininyang'anya hiyo, Mama Onyango, nitabaki kuwa kitu cha kufutwa vumbi.

Nimemtungia mchezo. Tukiwa njiani yeye hunitajia kila kitu kwa Kiswahili kabla hatujakifikia: ukingo, dimbwi, ngazi, mbwa. Unajua watoto wa huku, wanasikia Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza. Huyu sasa anajibu! Kimani anafurahi, anawaambia watu mama yake bado ni mwalimu.

Ukinijibu, tafadhali andika kwa herufi kubwa. Huku mwanga ni hafifu.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Kimani

*

Lanet, Nakuru
11 Oktoba 2024

Mama Kimani wangu,

Herufi kubwa hizi hapa, kama bango la mgombea ubunge. Umefurahi?

Onyango hajambo. Amenunulia masikio yangu kifaa cha bei ya kuumiza. Nilikivaa siku moja. Kinapiga mluzi, na nilisikia jinsi watu wanavyotafuna. Nimekiweka ndani ya kopo la majani ya chai, na akiniuliza namwambia nakizoea polepole. Usinicheke.

Wajukuu wangu wana kitabu chenye picha za huko Ulaya wakati wa majani kupukutika. Mekundu, ya manjano, ya dhahabu, miti inawaka. Wewe unaniambia vumbi. Nani mwongo, wewe au kitabu?

Na huyo bwana wa kofia, achana naye. Salamu si mkopo.

Mwambie Wambui mdogo namsalimu. Wewe si wa kufutwa vumbi. Uliwafundisha nusu ya Nakuru kusoma, na wale waliokushinda ukanisukumia mimi darasa la nne.

Wako,
Peninah, Mama Onyango

*

Shard End
3 Novemba 2024

Mpendwa Mama Onyango,

Kaa chini. Nimeiba boga.

Ilikuwa hivi. Shule zilifungwa wiki moja, na Kemunto akarudi kazini na furaha. Wazee wake kule Sutton Coldfield wamechonga maboga, wamebandika majani makavu kwenye karatasi, wamekunywa supu. Anasema siku moja ya namna hiyo humfanya mzee ale vizuri na alale vizuri, kuliko vidonge. Nikamwuliza, je, nyama ya boga inakwenda wapi? Akasema, "Mama, si inatupwa tu." Inatupwa! Sikulala vizuri mimi.

Keshoye nikatoka kunyoosha miguu. Mbele ya mlango wa Mandeep, yule mama Mhindi jirani yetu, mikono yangu ikakuta boga kubwa, limewekwa nje kwenye baridi. Wewe unajua tulivyofanya mimi na wewe Lanet. Mavuno yakizidi tunaweka langoni, anayehitaji anachukua, na akishapika anarudisha bakuli. Nikasema, kumbe hata huku kuna watu! Nikalibeba. Lilikuwa na matundu, nikajua panya wameshalianza. Nikakata pale palipoharibika, lililobaki nikalipika mukimo na viazi na mahindi na mboga za majani, nikampelekea Mandeep bakuli lake nikiwa nimejaa adabu.

Jioni alikuja na watoto wake wawili, mdogo akilia kwa kwikwi. Kumbe lile boga walilichonga siku nzima kwa sikukuu ya watoto wa huku ya kutishana. Lilikuwa na macho, pua na meno, limewekwa mlangoni lipambe. Mandeep alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema mukimo ulikuwa mtamu, nimfundishe. Usiku ule ndipo walipoanza pia kuwasha taa za sikukuu ya kwao India, na akatuletea vitamutamu. Taa zao zinapendeza, ingawa siku hizi kila taa naiona imezungukwa na manyoya.

Kimani hakucheka. Alinikalisha akaniambia, "Mum, lilikuwa na uso. Macho, pua, meno, everything! Unawezaje kupika kitu chenye uso na usione?" Nikamsikia jikoni akimwambia Kemunto, "She's forgetting things. Na yule bwana wa kanisa pia, unakumbuka?" Wamenitafutia daktari wa kupima akili. Wanaogopa ninasahau.

Sijasahau kitu. Ninakumbuka hata jina la mbwa wako wa mwaka wa njaa.

Mama Kimani

*

Lanet
14 Novemba 2024

Mama Kimani,

Boga limenichekesha mpaka Onyango akaja kuangalia kama ninakufa. Kisha nikasoma barua zako zote tena, na kicheko kikakatika.

Majani ya rangi moja. Taa zenye manyoya. Herufi kubwa. Boga lililoguswa na mikono, halikuonwa na macho. Na huo mchezo wa mtoto wa kutaja njia.

Baba Onyango, Mungu amlaze pema, alianza hivyo hivyo. Aliniuliza kwa nini nimeacha kuosha vioo vya madirisha, na vioo vilikuwa safi. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilimpeleka hospitali, wakamfanyia upasuaji wa jicho moja, na kesho yake alikaa uani akiwaita kuku wake kwa majina. Si ugonjwa wa kuficha, dada yangu. Unatibika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulikuwa unatufundisha hizo methali.

Mwambie Kimani kabla ya kwenda kwa huyo daktari wa akili. Mwambie leo.

Peninah

*

Shard End
24 Novemba 2024

Mama Onyango,

Barua yako ilinikuta nimeshakwenda. Hata ingenikuta kabla nisingesema.

Ndiyo, sioni vizuri. Tangu mwaka jana. Kuna ukungu, na ukungu umeingia ndani. Nimekuambia wewe peke yako kwa maandishi, na mtoto peke yake kwa mdomo. Aligundua mwenyewe nilipomsalimia bwana wa kanisani. Alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ndogo, "Cucu, can you not see?" Nikamwambia iwe siri ya Wambui na Wambui. Ananipenda. Ameitunza.

Yule daktari alikuwa binti mpole. Alinionyesha picha za wanyama akaniuliza ni nini. Niliona vivuli. Ningeweza kusema sioni, lakini Kimani alikuwa ameketi pale pale, na nilijua kesho yake angemtafuta mtu mwingine wa kumleta mtoto. Nikasema sijui. Akaniambia nichore saa. Nikachora, na namba, nasikia, zilitoka nje ya duara. Kumbe nimejichimbia shimo jingine. Sasa wanasema nirudi kwa vipimo zaidi, na jioni nikawasikia wakizungumza. Kemunto analia, anasema akinipatia nafasi pale anapofanya kazi angalau ataniona kila siku. Kimani anasema Januari. Nyumba ya wazee, Mama Onyango! Mimi, mama wa mtu. Mpaka hapo watakapopata mtu, bado ninamleta mtoto, na huwaambia wote niko sawa.

Wala usihofu barabara. Yule mtoto ni hodari. Alhamisi tulipokuwa tunavuka pale penye maduka gari la umeme likaja bila sauti, na yeye akanivuta koti kwa nguvu mpaka kifungo kikaruka. Tulicheka sana. Nimekishona tena.

Nitakuambia jambo moja nawe ulishike. Ukimwambia Kimani, urafiki wetu umekwisha. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Mama Kimani

*

Lanet
5 Desemba 2024

Mwanangu Kimani,

Nimeandika kwa mkono, na Onyango amepiga picha akutumie kwenye simu sasa hivi. Ya posta ingekawia, na mtoto anavuka barabara leo.

Mama yako hajasahau chochote. Haoni. Ninaamini ni mtoto wa jicho, maana nilimwuguza baba Onyango. Hakuona uso wa boga. Hakuona picha za daktari, akakuogopa wewe akasema hajui. Kile Kiswahili unachojivunia ni mwanao anayemwongoza bibi yake njiani, ukingo kwa ukingo. Juzi gari lilikaribia kuwagonga wote wawili, na mama yako ameniandikia kama kichekesho.

Mpeleke kwa daktari wa macho. Usimpeleke pengine popote kabla ya hapo. Na usimgombeze mtoto.

Alinikataza nisikuambie. Nimemkosea yeye ili nisikukosee wewe na yule mdogo. Ninakuomba tu usimnyang'anye kile kiguu na njia cha saa tisa moja kwa moja. Mwandame, lakini mwachie.

Mama yako wa Lanet,
Peninah

*

Shard End
7 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimesoma ujumbe wako kazini, nikaenda kukaa chooni nikalia kama mtoto.

Nilimwuliza Wambui mdogo jioni. Alinitazama akasema, "I promised Cucu, Dad." Ahadi ni ahadi. Kemunto ndiye aliyemkumbatia mpaka akasema yote. Yule bwana wa kofia kanisani, Mama, alikuwa sanamu ya kutishia ndege, imejazwa majani makavu, vijana waliipamba kwa ajili ya mavuno. Mum aliisalimia mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshika ufunguo wa gari, nikaona, nikasema moyoni amechanganyikiwa. Sikufikiria hata kidogo kumwuliza anaona nini. Kemunto anajilaumu zaidi yangu. Wazee wa watu wakipepesa macho tu anajua wanaumwa nini, na kwetu anafika amechoka, chakula kiko tayari, Mum anasema niko sawa, naye anaamini.

Tumempeleka kwa mpima macho. Ni kama ulivyosema, macho yote mawili, la kulia limekomaa. Tumo kwenye foleni ya upasuaji, wanasema huenda ikafika miezi. Habari ya nyumba ya wazee tumeifuta. Mandeep amejitolea kutembea nao saa tisa, anawapokea watoto wake shule hiyo hiyo. Mum anamwambia Mandeep atangulie hatua kumi mbele, asiwakaribie.

Hasemi nami. Wewe pia amesema nisimtajie jina lako.

Mwanao,
Kimani

*

Lanet
20 Mei 2025

Mama Kimani,

Hii ni barua yangu ya nne bila jibu. Kimani ameniambia jicho la kwanza limefanyiwa upasuaji na limepona, kwa hiyo najua sasa unaweza kusoma, na kwamba ukinyamaza unanyamaza kwa kutaka. Ndiyo maana leo nimeandika kwa herufi ndogo. Kama unanichukia, angalau jipatie kazi.

Sitakuomba radhi kwa kumwambia. Nikirudishwa siku ile nitafanya vile vile. Nakuomba radhi kwa kukupunguza mbele ya mwanao, maana hiyo najua inauma.

Nimekitoa kile kifaa kwenye kopo la chai. Ningekwambiaje uache kuficha macho huku masikio yangu yamelala na majani ya chai? Nakivaa kila siku. Bado watu wanatafuna vibaya. Lakini jana nilisikia mvua ikianza kwenye bati, Mama Kimani. Nilikuwa nimesahau kwamba huanza kidogo kidogo.

Nimekukosa. Hakuna mtu huku wa kunisuta vizuri.

Peninah

*

Shard End
26 Oktoba 2025

Mama Onyango, mpendwa wangu,

Nimesoma barua zako zote, na ile ya herufi ndogo niliisoma mara nyingi ili nikuoneshe. Hukuniona, lakini niliisoma.

Mwanzo nilikasirika kweli kweli. Nilisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuita majina ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Walipofungua jicho la kwanza, kitu cha kwanza nilichokiona nyumbani ni kile kifungo cha koti langu. Nilikuwa nimekishona kwa uzi mwekundu kwenye koti jeusi, na nimelivaa kanisani majira yote ya baridi. Nilicheka. Kisha Jumamosi nikatoka peke yangu mpaka pale penye maduka, nikasimama ukingoni nikatazama. Magari yanavyopita pale! Yanafuatana, na yale ya umeme hayasemi kitu. Nikajishikilia kwenye nguzo. Nilikuwa nikimpitisha mtoto pale, na kumwita hodari, yeye akiwa na miaka saba na mkono mmoja tu ulio huru.

Hasira iliisha siku hiyo. Iliyobaki ilikuwa aibu, nayo ndiyo iliyoshika kalamu yangu miezi yote hii. Umenitendea mema, Mama Onyango. Asante. Nimelisema, sasa nivute pumzi.

Kitabu cha wajukuu zako hakikudanganya. Majani ni mekundu. Mengine ni ya manjano kama ndizi mbivu. Kimani ana mvi mpaka masikioni na hakuna aliyeniambia. Kemunto ni mzuri kuliko nilivyokuwa nadhani, nimemwambia, akaona haya. Jumapili ya mavuno yule bwana wa kofia alikuwepo tena mlangoni, na mimi nikamsalimia kwa makusudi, kanisa zima likacheka, hata mchungaji. Mandeep amekuja na maboga mawili, moja la watoto, moja halijaguswa na kisu. Akasema hili ni la sufuria, na bakuli lake linajua mlango wa kurudi. Kemunto alichukua mukimo akawapelekea wazee wake kazini. Mzee mmoja Mwingereza ameuliza atapata lini tena.

Sasa nikuambie la juzi, ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Ijumaa shule zilifungwa. Mandeep alikuwa na safari, kwa hiyo tukarudi wawili tu, Wambui na Wambui. Jua lilikuwa limetoka. Akanishika mkono kama kawaida, akaanza kunitajia. Ukingo, Cucu. Majani, yanateleza. Dimbwi. Mimi naona yote. Naona mpaka shimo la soksi yake. Nikamwambia kwa upole, "Mama, Cucu anaona siku hizi. Huna haja tena ya kuniambia."

Uso wake ukaanguka, na mimi nikauona ukianguka, maana ndiyo taabu ya macho mapya. Nikajua nimemfanyia kile nilichoogopa nitafanyiwa. Alikuwa na kazi moja katika nyumba ile, na mimi nimemwachisha njiani bila hata kumkalisha chini.

Tulifika pale penye maduka. Ndipo mtoto akasimama ukingoni. Akafumba macho, akayabana kabisa, akaninyooshea mkono.

"Then it's my turn," akasema. Kisha akalisema kwa Kiswahili, ili nisipate pa kujificha: "Sasa mimi ndiye sioni, Cucu. Wewe niambie."

Nikaushika ule mkono. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikatazama tena kulia. Nikamwambia, "Ukingo." Nikamwambia, "Twende." Na nikamtajia njia yote, kila jani na rangi yake, mpaka mlangoni.

Nipigie simu Jumapili. Nitaongea polepole, nawe uvae kile kifaa.

Ni mimi,
Wambui mkubwa